Baridi ya Mwenzio Usiipime kwa Mwili Wako



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo mabibi harusi wengi hawaambiwi na somo wala na mashangazi, nalo ni hali ya hewa ya kule unakoolewa. Utafundwa mapishi, utafundwa singo na kujifukiza udi, utafundwa adabu za kukaa na mavyaa. Ila hakuna atakayekwambia kwamba mwili wako umelelewa na kisiwa, na kwamba ukifika uani kwa mumeo, sokoni, stendi au chini ya turubai la shughuli, mwili huo utakuwa mgeni kuliko hata wewe mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Nilisoma skuli hadi kidato cha nne, nikafanya kozi ya ushoni, na sasa nina miaka thelathini na kitu. Nauza na kushona mabuibui, abaya, madira na nguo za harusi. Duka langu lipo Kasulu, na kila mwezi siku kadhaa napeleka mzigo Kibondo. Wapemba mnatujua, hakuna mji tusiofungua duka. Kila nikirudi nyumbani kwa Idi naulizwa swali moja: "Hivi huko Kigoma kuna baridi?" Nami siku hizi nauliza kwanza: kwa nani, saa ngapi, amevaa nini, na anafanya nini?

Si kwamba nakwepa swali. Mji wa Kigoma wenyewe uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kule joto ni joto kweli. Maji ya ziwa yapo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka pale kuja Kasulu, kisha Kibondo, unapanda nyanda za juu za Waha, unavuka mita 1,000. Hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo hata ukitokea Kigoma mjini tu unaisikia tofauti ukiwa ndani ya gari. Kioo kinafungwa bila mtu kuambiwa.

Lakini si mwinuko peke yake. Kiangazi cha huku, Juni hadi Agosti, mbingu huwa nyeupe bila mawingu na hewa ni kavu. Usiku ardhi inatoa joto lake lote likapaa juu, hakuna wingu la kulizuia. Alfajiri maji ya udhu yanauma vidole. Ikifika saa saba mchana, jua la mlimani linachoma ngozi na vumbi jekundu linapanda hadi kwenye kope. Ukiingia chini ya mwembe hatua mbili tu, unatafuta mtandio ujifunike mabega. Kwetu visiwani juani na kivulini hakupishani hivyo. Fukuto linakufuata mpaka chini ya mti, kwa sababu hewa imejaa maji ya bahari na jasho halina pa kwenda.

Sasa angalia watu katika hewa hiyo moja. Asubuhi stendi ya Kasulu, dereva wa bodaboda amevaa jaketi zito lililofungwa mpaka kidevuni. Kando yake kijana anayepakia magunia ya maharage amebaki na singlendi na jasho linamtoka. Mama anayeuza uji amekaa karibu na jiko lake la mkaa na kanga moja tu mabegani. Mwalimu anayesubiri gari amesimama ubavuni mwa ukuta ulioota jua. Abiria aliyeshuka kutoka Dar es Salaam anatetemeka na kusema hapa ni Ulaya. Wote hao wako ndani ya hatua ishirini. Ukiwa na kipimajoto mkononi kitakupa namba moja tu, na namba hiyo haitamsema hata mmoja wao sawasawa.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo jambo hili lilinigusa kwenye kazi yangu, nikaanza kulisoma. Wataalamu wanasema raha au karaha ya hewa mwilini inatokana na mambo sita. Manne ni ya nje: joto la hewa, mng'ao wa jua na wa vitu vilivyopata moto kama bati, ukuta na lami, kisha unyevu, kisha upepo. Mawili ni yako mwenyewe: nguo uliyovaa na kazi unayofanya. Kijana wa magunia na mwalimu wa ukutani wanavuta hewa moja, lakini mwili wa yule unachemka kwa kazi na wa huyu umetulia. Hapo tayari ni watu wawili wa nchi mbili.

Kilichonifurahisha mimi zaidi ni kwamba nguo ina kipimo chake. Mwaka 1941 wataalamu watatu, Gagge, Burton na Bazett, walipendekeza kipimo kinachoitwa klo. Klo 1 ni kiasi cha nguo kinachomtosha mtu aliyekaa ametulia kwenye chumba chenye nyuzi 21, karibu na suti ya kiume ya kipande mbili. Mwili mtupu ni klo 0. Nilipolisoma nikacheka peke yangu dukani, maana mafundi tunafanya hesabu hiyo kila siku bila kuipa jina. Mteja akisema "hii nguo inanifukuta" au "hii inapitisha", anakupimia klo yake.

Yupo pia Profesa Fanger wa Denmark, ambaye mwaka 1970 alitoa kitabu na hesabu ya kukadiria watu chumbani wangejisikiaje. Hesabu yake yenyewe inakubali kitu ambacho bibi zetu walikijua: hata ukirekebisha hewa ya chumba ikawa sawa kabisa, watu kama 5 katika kila 100 bado wataona haiko sawa. Hiyo ni ndani ya chumba, penye kuta na madirisha. Je, huko nje ambako jua linasogea, upepo unageuka na kila mtu ana safari yake?

Nitawapa kisa kimoja mkione kwa macho.

Miaka michache nyuma alikuja dukani kwangu bibi harusi kutoka Unguja. Alikuwa ameolewa Kasulu mwezi wa sita, kipindi kibaya kuliko vyote kwa mtoto wa kisiwani. Aliletwa na wifi yake, na nilipomshika mkono kumpima, vidole vilikuwa kama vya mtu aliyetoka kuosha samaki wa barafu. Wifi alipotoka nje kununua vocha, yule mtoto akaanza kulia.

Mavyaa wake alikuwa mjane anayeuza maharage na dagaa sokoni. Yule mama saa kumi na mbili asubuhi ameshafagia uwanja, ameshabandika maji, ameshatoka. Miaka yote alingoja apate mkwe wa kumsaidia kubeba na kupanga bidhaa. Mkwe aliyempata alikuwa hatoki ndani mpaka saa tatu, na akitoka amejifunga mablanketi, anakwenda moja kwa moja jikoni kukumbatia moto. Maneno yakaanza. Kwanza ikawa "mtoto wa mjini", baadaye "mvivu", mwisho "kaolewa aje kulala". Yeye naye moyoni alishaamua kwamba mavyaa hampendi, anamtesa makusudi kwa kumtoa nje gizani. Mume alikuwa katikati, akimsikiliza mama anaona mama ana haki, akimsikiliza mke anaona mke ana haki, mwisho akawa hasemi. Siku hiyo aliyokuja kwangu, begi lake lilikuwa limeshafungwa. Alitaka koti la safari.

Dada zangu, pale hapakuwa na mvivu wala mkatili. Ilikuwa ni miili miwili tu. Mwili wa yule mama ulizaliwa kwenye baridi ile, umezoea kutoka na umande, na zaidi ya hapo ulikuwa unafanya kazi tangu dakika ya kwanza, na kazi ni moto. Mwili wa bibi harusi ulitoka kwenye nyumba ambayo usiku wa kipupwe unavuta shuka moja basi. Ukimtoa mtu huyo alfajiri ya Julai ya Kasulu akasimama uani na dira ya shifoni, hata nia yake iwe safi vipi, mikono haitashika ufagio.

Sikumuuzia koti la safari. Nilimshonea fulana mbili za pamba za mikono mirefu zinazobana mwili, sketi ya ndani ya flana, na abaya pana ya juu. Nikamwonyesha namna ya kuvaa tabaka juu ya tabaka, maana kinachokupa joto si uzito wa nguo moja, ni ile hewa inayonaswa baina ya nguo na nguo. Nikamwambia asubuhi avae zote, saa nne avue sketi ya ndani, adhuhuri abaki na abaya juu ya nguo nyepesi. Na nikamwambia akienda uani asisimame, aanze na kazi ya kutumia nguvu kwanza. Gharama yake haikufika nusu ya koti.

Ndoa haiponi kwa fulana mbili, simdanganyi mtu. Lakini alibaki. Akaanza kutoka saa moja na nusu badala ya saa tatu, na mavyaa akapunguza maneno kidogo. Kilichobadilisha mambo hasa kilikuja mwaka uliofuata. Yule mkwe alikwenda kwao Unguja kujifungua mtoto wa kwanza, na mavyaa akapanda gari kumfuata kumwona mjukuu. Ilikuwa Februari, kaskazi imekolea.

Aliporudi alikuja dukani kwangu mwenyewe, akavuta kigoda. Akaniambia: "Mwanangu, kule hewa ni kama uji. Unaivuta haishuki." Mwanamke ambaye Kasulu anabeba gunia alikuwa hawezi kutembea kutoka kituo cha daladala hadi soko la Darajani. Alikaa barazani na beseni la maji miguuni, mchana kutwa. Jirani mmoja akasikika akisema mgeni yule anajidai, hata salamu anaitikia amekaa. "Nikaona haya," akaniambia, "maana maneno yale nayajua." Nikamuuliza kama alimwambia mkwe wake. Akasema hapana, alimnunulia sweta tu. Kisha akaagiza madira mawili ya pamba, mapana, ya kwendea Unguja mwaka mwingine.

Kwa nini nawaeleza yote haya? Kwa sababu raha ya hewa ni jambo la mwili, ila watu tunaligeuza kuwa la tabia. Anayetetemeka tunamwita mlegevu. Anayetoka jasho tunamwita mchafu. Anayekaa kivulini tunamwita mvivu, anayefungua vifungo viwili kwa joto tunamwita hana haya. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na baridi usiyoilalia ni vivyo hivyo.

Kwa sisi wanawake lipo la ziada. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba viwango vya joto la maofisini viliwekwa kwa kufuata mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Kwa wastani mwili wa mwanamke aliyetulia hutoa joto dogo kuliko huo, ndiyo maana dada anatafuta shali na kaka anatafuta feni katika ofisi moja. Hata wewe mwenyewe hukai sawa mwezi mzima. Baada ya yai kupevuka, joto la mwili hupanda kidogo, sehemu ya nyuzi moja hivi, hadi siku zako zinapokaribia. Mjamzito huhisi joto kuliko alivyokuwa. Dada aliyefikia umri wa kukoma hedhi anaweza kuwaka moto ghafla kwenye baridi ya Kibondo wakati wengine mmejikunyata. Na bibi yako mzee hutoa jasho kidogo na kiu yake ni hafifu, kwa hiyo anaweza kukaa juani muda mrefu bila kulalamika huku mwili wake unaumia. Kimya cha mzee kisikudanganye.

Mazoea nayo yana nguvu yake. Mtu akihamia penye joto, mwili hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, na hufika pazuri ndani ya wiki moja au mbili. Baridi huchukua muda zaidi kuizoea, na sehemu kubwa ya kuizoea ni akili na mavazi. Kwa hiyo bibi harusi aliyefika juzi hawezi kulinganishwa na wewe uliyefika miaka mitano nyuma, hata kama mlicheza rede mtaa mmoja.

Sasa tuje kwenye swali ninaloulizwa na wateja kuliko yote: buibui jeusi juani je? Kwani nyeusi si inavuta joto? Ni kweli inavuta. Lakini mwaka 1980 watafiti walimpima mtu aliyesimama kwenye jua la jangwani amevaa kanzu nyeusi ya Mabedui, kisha nyeupe ya aina ile ile, wakaandika matokeo katika jarida la Nature. Wakakuta joto lililofika kwenye mwili ni lile lile. Nguo nyeusi ilipata moto zaidi, ila moto ule wa ziada ulipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa sababu nguo ilikuwa pana na hewa ilikuwa ikipita ndani yake. Siri haikuwa rangi, siri ilikuwa upana. Dada anayevaa abaya nyeusi ya poliesta iliyobana kiunoni na kutiwa bitana nzito asilaumu weusi, amlaumu fundi. Na kumbuka lile lilikuwa jangwa kavu lenye upepo. Mjini Unguja mwezi wa pili, unyevu ukiwa juu, hata nguo pana inahitaji kivuli cha kuisaidia.

Allah (s.w.) ametutajia neema hizi kwa mpangilio mzuri sana katika Suratun-Nahl, aya ya 81: vivuli, maficho ya milimani, na mavazi yanayotukinga na joto. Mimi kama fundi naiona ile aya inanihusu. Nguo ni kinga, na kivuli nacho ni neema iliyotajwa kwa jina.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo nguo peke yake haiwezi kulitatua. Nje ya nyumba, mwenye raha ni mwenye kuchagua. Mimi nikiona jua limenizidi nasogeza meza yangu barazani. Yule mwalimu wa stendi asubuhi anasimama upande wa ukuta wenye jua, mchana anahamia upande wenye kivuli. Watafiti waliowahoji watu karibu 10,000 kwenye viwanja na bustani za miji ya Ulaya walikuta kwamba joto ambalo watu waliliona liko sawa lilitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 10 kati ya mji na mji. Wanaolisoma jambo hili wanasema vipimo vya hewa vinaeleza sehemu tu ya namna mtu anavyojisikia. Yanayobaki ni mazoea, matarajio, sababu ya kuwa pale, na kama anaweza kuhama akitaka. Aliyekuja bustanini kupunga upepo huvumilia jua lile lile linalomtesa aliyelazimishwa kulikalia.

Mama muuza maharage sokoni Kibondo hachagui. Nafasi yake ni ile aliyopewa, na kama mwavuli wake umechanika basi kuanzia saa tano hadi saa tisa jua ni lake. Mjamzito anayesubiri gari stendi hachagui. Na ukiendelea mbele kidogo kuna wasiochagua kabisa. Wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta ya Kibondo ilipokea Warundi kuanzia 2015. Wengi walianza maisha chini ya karatasi la plastiki na hema. Plastiki mchana ni tanuri, usiku haizuii baridi ya mlimani. Dada, ukilala na mablanketi mawili ukalalamika, kumbuka yupo mama mwenzio aliyemlaza mtoto mchanga chini ya plastiki hewa ile ile.

Ndiyo maana mti uliopo mjini si pambo. Dar es Salaam, ambako hewa inafanana na yetu ya visiwani, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mitaa ya nyumba fupi zilizoachana inawatesa watu kwa joto mchana kuliko mitaa ya majengo marefu yanayotupa kivuli, na kwamba miti yenye majani mengi inasaidia, ingawa ikizidi kusongamana inaweza kuzuia upepo. Wazee wetu wa Mji Mkongwe walilijua bila kompyuta. Vichochoro vyembamba vinakupa kivuli karibu mchana kutwa, na baraza inampa mpita njia mahali pa kutua. Huku milimani mahitaji ni mengine kidogo. Unahitaji kivuli cha saa saba, na unahitaji pia ukuta wenye jua wa saa moja asubuhi usiopigwa na upepo. Uwanja mzuri ni ule wenye vyote viwili, kila mtu aende panapomfaa.

Na dini imelipa jambo hili uzito. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza mtu kujisaidia kwenye njia ya watu au kwenye kivuli chao, jambo linalowaletea watu laana. Maana yake kivuli cha watu ni haki yao, kukiharibu ni kuwadhulumu. Nami najiuliza, anayekata mwembe wa stendi kwa ajili ya kupanua kibanda chake, hajaingia karibu na hapo? Na aliyepanda mti, kila mama atakayepumzika chini yake inshallah ni sadaka inayoendelea.

Basi mabibi harusi wangu, mnaotoka kisiwani kuja milimani na mnaotoka milimani kwenda kisiwani, haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu.

Ukija Kasulu au Kibondo kati ya Juni na Agosti, usilete koti moja kubwa. Leta nguo za ndani za pamba za mikono mirefu, soksi, shali ya sufi na abaya pana ya kuzifunika. Sitara yako haiharibiki na hakuna atakayejua una tabaka tatu ndani. Leta mafuta ya midomo, hewa kavu itaipasua wiki ya kwanza. Kupasha maji ya udhu si dhambi. Ingawa kuutimiza udhu wakati wa tabu kuna fadhila zake, hukuamrishwa kuitafuta tabu yenyewe.

Hina hupenda joto. Ukipakwa jioni ya baridi haishiki vizuri, kwa hiyo ipakwe mchana, au uoteshe mikono karibu na jiko.

Nguo ya harusi ya huku itiwe bitana ya pamba. Satini ya poliesta ikigusa ngozi asubuhi ni barafu, na adhuhuri inanata.

Walima wa uwanjani upangwe kuanzia saa nane, umalizike kabla ya magharibi. Turubai liwe na pembeni zinazofungika na kufunguka. Wazee wapewe kwanza mahali pasipo na upepo, wajawazito wawe karibu na pa kutokea, na viti vingine viachwe vihamike. Wageni wa Unguja utawaona wanajisogeza juani, wenyeji wanajisogeza kivulini. Waache wapishane, usiwapange kwa mistari kama skuli.

Ukienda kisiwani kutoka huku, hasa Disemba hadi Machi, chukua dira la pamba, mwavuli na chupa ya maji. Siku kumi za mwanzo shughuli za nje zifanye asubuhi na baada ya alasiri. Ukiona kizunguzungu au jasho limekatika ghafla, usione haya kusema.

Na nyinyi mavyaa, mawifi na mashangazi mnaompokea mgeni, kabla hamjampa jina, muulizeni: mwenzetu, unajisikiaje hapa? Swali hilo halina gharama. Akisema baridi, ni baridi, hata kama wewe umekunja mikono ya gauni. Akisema joto, ni joto, hata kama wewe unatafuta kanga ya pili. Mwili wake ameukabidhiwa yeye na Mola wake, si wewe.

Waha wakiamka asubuhi wanasalimiana "mwakeye". Yule bibi harusi wangu sasa anaisema bila lafudhi ya Unguja. Mtoto wake amezaliwa kisiwani na anakulia mlimani, na bibi yake anamwacha atembee pekupeku kwenye umande huku mama yake anakimbia nyuma na soksi. Bado hawajakubaliana nani yuko sahihi, na pengine wote wawili wako sahihi, ila soko wanafungua pamoja.

Allah atujaalie macho ya kuona tabu ya mwenzetu hata kama sisi haituumi, na atuwekee vivuli vyetu duniani na kivuli cha Arshi yake siku isiyo na kivuli kingine. Aamin.